Kudusi Iliyokatwa kwa Mkasi: Kisa cha Stereoskopu ya Nyumba Moja ya Mkomani

Kijana aliingia nayo dukani kwangu, hapa Lamu, ndani ya kikapu cha ukili, imezongwa kwa leso kuukuu, akaiweka mezani kwa uangalifu wa mtu aliyeonywa nyumbani kabla ya kutoka. "Ami," akaniambia, "kuna mtu wa hoteli kule Shela atoa elfu sita. Ataka kupambia ukuta. Nitazamie kwanza kama hatudhulumiwi."

Ilikuwa stereoskopu ya mkono. Kwa asiyewahi kuiona: mbele ya uso kuna kikinga cha bati la alumini, kimepinda kufuata paji, na ukingo wake umezungushiwa mahameli, ambayo hapa ilikuwa imeliwa hata zimebaki nyuzi. Ndani ya kikinga mna lenzi mbili. Kutoka hapo ubao mwembamba umenyooka kwenda mbele, na juu yake kipande kingine cha mbao chenye waya za kushikia kadi huteleza huku na huku hadi picha itulie. Chini kuna mpini wa kukunja. Kadi yenyewe ina upana wa sentimita 18 hivi na kimo cha 9, imebandikwa picha mbili zifananazo kama mapacha. Jicho la kushoto hutazama ya kushoto, la kulia hutazama ya kulia, na kichwa huziunganisha zikawa pahali pamoja penye mbele na nyuma, hata mtu huona kama angeweza kupenyeza mkono akagusa.

"Lakini imekufa," kijana akaongeza. "Zamani ilikuwa ikionyesha. Sasa ukitazama waona picha mbili, kichwa chauma, basi."

Nyumbani kwao haina jina la kizungu. Huitwa mato ya Bibi. Msomaji wa bara ajue kuwa mato kwa Kiamu ni macho, na Bibi ni bibi yake huyu kijana, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Mimi ni fundi wa miwani. Nimekata na kupachika lenzi Mombasa miaka thalathini kabla ya kurudi Langoni, na nimeona vyombo vingi vya wazee vikitupwa kwa kusemwa vimekufa. Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu chombo hiki kiliharibiwa mara mbili, mara zote mbili na watu waliokipenda, na uharibifu wote ulifanyika kwa nia ya kukitendea haki.

Nilianza na bati. Palikuwa na maandishi yaliyogongwa kwa nukta, lakini chumvi ya hewa yetu ilikuwa imeyala na kuacha unga mweupe. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake nikapitisha penseli polepole, kama watoto wafanyavyo na sarafu, yakajitokeza: Underwood & Underwood, New York, pamoja na tarehe ya hataza, yaani haki ya mbuni juu ya kitu alichobuni, Juni 1901.

Tarehe hiyo iliniletea jambo zito kuliko kutu. Kwa mujibu wa nyumba ile, mato ya Bibi yalitoka kwa Mjerumani wa posta, yaani yule wa ile nyumba ya Usita wa Mui ambayo leo ni makumbusho ya Posta ya Wajerumani. Babu wa babu alikuwa akimpelekea maji, na Mjerumani alipoondoka akamwachia zawadi. Hadithi tamu, na kila mtu wa nyumba ile aijua kwa moyo. Lakini posta ile ilifunguliwa mwaka 1888 ikafungwa 1891. Chombo chenye hataza ya 1901 hakiwezi kuachwa na mtu aliyefungasha virago miaka kumi kabla. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama nimwambie. Nikamwambia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo babu alisema uongo?" Nikamjibu kuwa babu huenda alipewa kitu kingine na Mjerumani, na mato haya yakaja baadaye kwa mkono mwingine, na vinywa vya watu vikaziunganisha hadithi mbili zikawa moja. Bandari hii ilipitiwa na majahazi ya Unguja, ya Bombay na ya Maskati. Chombo cha mkono hakikukosa njia.

Na kitu chenyewe, kwa haki, hakikuwa adimu. Ndugu wawili wa ukoo wa Underwood walianza biashara hii miaka ya 1880 kwenye mji mdogo wa Ottawa, jimbo la Kansas, wakiwatumia wanafunzi wa vyuo kupita mlango kwa mlango wakiuza kadi na kifaa cha kuzitazamia. Walipofika mwanzo wa karne ya ishirini walikuwa wakitoa maelfu ya kadi kwa siku. Umbo lenyewe la mkono lilibuniwa mwaka 1861 na daktari wa Boston, Oliver Wendell Holmes, na yeye hakulichukulia hataza, ndiyo maana kila mwenye karakana aliweza kuliiga. Hili nilimwambia kijana mapema, asije akadhani ameshika hazina ya kumnunulia mashini nyingine ya boti yake, kwani ile aliyonayo imeharibika. Elfu sita kwa chombo kilichokufa haikuwa dhuluma. Swali lilikuwa kama kweli kimekufa.

Hapo mimi mwenyewe nilikosea mwanzo. Nilizitazama lenzi zikiwa mahali pake, nikaona utando kama wa buibui kwenye pembe, nikasema ni kuvu. Kuvu la lenzi ni ugonjwa wa pwani, kamera ngapi zimekufa nalo hapa. Nikamwambia kijana tutahitaji lenzi nyingine, na kupata za kipimo kile ni kazi. Laiti ningeishia hapo, angeiuza jioni ileile.

Kilichonizuia ni maneno yake mwenyewe: waona picha mbili. Kuvu hufanya picha iwe na ukungu. Kuvu halifanyi picha moja iwe mbili. Mtu akija dukani kwangu na miwani mpya akasema aona watu wawili pahali pa mmoja, sitafuti uchafu. Natafuta lenzi iliyopachikwa vibaya.

Nikazitoa. Skrubu za chuma zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazitonea mafuta ya cherehani na kuzingoja usiku kucha, kwani mbao kavu ya miaka mia ukiilazimisha hupasuka. Asubuhi nikavuta lenzi ya kwanza, nikaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Upande mmoja ulikuwa mnene kama sarafu mbili zilizopandana, upande wa pili mwembamba kama ukucha. Ilikuwa lenzi na prizimu, yaani kioo cha kupindisha mwanga, kwa pamoja, kama lenzi moja kubwa ya kukuzia iliyokatwa katikati. Na ndivyo ilivyobuniwa: David Brewster, mwanasayansi wa Scotland, mwaka 1849 alichukua lenzi moja, akaikata nusu mbili, kila jicho likapata nusu yake, ili nguvu zao zilingane sawasawa.

Lakini nusu hizo zina upande wa kukaa. Nilichora mstari wa kalamu kwenye karatasi nyeupe, nikaishika lenzi juu yake kimo cha vidole vinne. Mstari ulikatika: sehemu iliyoonekana ndani ya kioo ilisogea kuelekea upande mwembamba. Prizimu yoyote hufanya hivyo. Sasa fikiria kadi. Nukta ya mbali katika picha ya kushoto na nukta ileile katika picha ya kulia ziko mbali kwa sentimita 8 hivi, na macho ya binadamu yako mbali kwa sentimita 6 na nusu kasoro kidogo. Kama hakuna cha kuzisogeza, macho yatalazimika kutazama nje, moja kushoto na moja kulia, kama ya kinyonga, na macho yetu hayakuumbwa hivyo. Kwa hiyo upande mnene lazima ukae nje, karibu na masikio, na mwembamba ndani, karibu na pua. Hapo kila picha husogezwa ndani, na zote mbili hukutana.

Kwenye mato ya Bibi unene ulikuwa ndani, puani. Lenzi zote mbili.

Nikamwita kijana nikamuuliza nani alizitoa. Akakiri bila kusita, tena kwa fahari kidogo: ni kaka yake, mwezi wa Shaabani miaka kadhaa nyuma, nyumba zilipokuwa zikisafishwa kukaribisha Ramadhani. Aliona vioo vina vumbi, akavifungua, akavikosha kwa sabuni na siki, akavikausha kwa leso safi, akavirudisha. Cha kushoto kikaenda kulia na cha kulia kikaenda kushoto. Vioo viking'aa kuliko wakati wowote, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona kitu.

Simlaumu. Vioo viwili vya umbo moja, nani angejua? Lakini ndipo nasema, na nawaambia wote wenye vitu vya wazee: kabla ya kufungua chochote chenye kushoto na kulia, tia alama ya penseli kwenye mbao, au piga picha kwa simu. Dakika moja. Siki usiisogeze karibu na kitu chenye rangi ya mafuta au bati. Lenzi ya namna hii hupulizwa vumbi kwanza, kisha hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa maji ya mvua yaliyochujwa, bila kusugua.

Nikazibadilisha. Ule utando niliouita kuvu ulikuwa mabaki ya sabuni, ukatoka. Nikachukua kadi moja kutoka kwenye kopo la biskuti alilokuja nalo kijana, maporomoko ya Niagara, nikasimama mlangoni mwa duka nikiwa nimeupa mgongo mwanga wa njiani, nikasogeza kipande cha mbao mbele, nyuma, mbele tena kidogo. Picha mbili zikatambaa kuelekeana, zikagusana, na kwa ghafla ile ambayo siwezi kuieleza kwa asiyeijua, maji yakaanguka mbali kule chini na ukuta wa mawe ukabaki huku juu karibu na miguu yangu. Nilirudi nyuma hatua moja. Kijana alipotazama hakusema neno. Alinyoosha mkono mbele ya kadi, akatafuta hewani.

Ningeweza kumaliza kisa hapa, na kwa fundi kingekuwa kimekwisha. Lakini yeye mwenyewe alisema, "Shangazi atataka Kudusi. Na Kudusi haimo." Kudusi ni Yerusalemu, naye alikusudia kadi yenye picha ya huko.

Nilikwenda nyumbani kwao Mkomani alasiri, nikapita daka la nje, yaani ukumbi wa mlangoni. Shangazi mtu, binti pekee wa Bibi, ni mama mkongwe wa miaka themanini na ushei, alinipokea kwenye uwanja wa ndani, ule ambao sisi twauita kiwanda, ameketi kwenye mkeka na tasbihi yake. Nyuma yake ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na ndani ya kidaka cha katikati mahali patupu ambapo mato yalikaa miaka yote. (Mahali pabaya, kwa bahati mbaya. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kutoa chumvi, na chetezo huwekwa papo hapo chini. Kadi zote zina rangi ya moshi wa ubani.)

Yeye ndiye aliyenieleza matumizi, ambayo wanaume wa nyumba ile hawakuyajua. Bibi hakuwahi kuvuka Mokowe, gati la bara, maishani mwake. Lakini kila Ramadhani, wanaume wakiwa msikitini kwa tarawehe, aliwakusanya wanawake na watoto kiwandani akafungua kopo. Kadi zikipita kwa mpango: mto wa barafu, soko la mji wa mbali, watu wa Japani wakivuna chai, Niagara, na mwisho kabisa, baada ya kusoma dua, Kudusi. Hiyo moja watu waliitazama wakiwa wametawadha.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nikishika taa," akasema. "Watu wadhani ni kutazama tu. Kadi haina mwanga wake, mwanangu. Taa ikiwa mbele, yakuingia matoni. Taa ikiwa juu, kadi yang'aa huoni kitu. Taa hukaa nyuma ya bega la kushoto, mkono ukiwa thabiti. Nilikuwa na miaka saba."

Nikamwuliza Kudusi iko wapi. Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Iko nusu hapa na nusu Malindi."

Bibi alipofariki aliacha watoto watatu, wa kiume wawili na huyu. Nyumba na shamba la minazi viligawanywa kama ipasavyo. Vyombo vidogo vikagawanywa kwa maelewano. Lakini kila kaka aliitaka Kudusi. Walibishana siku tatu, watu wazima wenye ndevu. Siku ya nne mkubwa akaitazama kadi vizuri akaona ina picha mbili, tena ni zilezile. "Walikata mbele yangu," shangazi akasema. "Kwa mkasi wa nguo. Wakasema zote ni moya, kila mtu apate yake, haki imetimia."

"Na wewe?"

"Mimi niliambiwa nimeolewa."

Hapa naomba niseme kwa sauti yangu. Mama yao aliacha wana wawili na binti mmoja: mirathi ni mafungu matano, mawili kwa kila wa kiume, moja kwa binti. Ndoa haikuliondoa fungu lake hata chembe. Isitoshe, mwalimu mmoja wa hapa, msomi wa fikihi, nilipomsimulia alinieleza jambo ambalo wengi hulisahau: kitu ambacho manufaa yake huharibika kwa kukatwa hakikatwi. Huuzwa, thamani ikagawanywa. Au mmoja hukichukua akawafidia wenzake. Au wote hukitumia kwa zamu, na zamu hiyo wanazuoni wameipa jina, muhayaa. Jahazi halikatwi, kisima hakikatwi. Kama ndugu wale wangeuliza, mkasi usingetolewa.

Na ubaya ni kwamba hawakupata hata nusu nusu. Kila mmoja alidhani amebeba Kudusi, kumbe alibeba karatasi. Kitu chenyewe kilikuwa katika ile tofauti ndogo kati ya picha mbili, unene wa ukucha tu, ambayo jicho la haraka haliioni na mkasi haukuijua. Charles Wheatstone, mwanasayansi wa Uingereza, alilionyesha jambo hili London mwaka 1838, mwaka mmoja kabla upigaji picha haujatangazwa kwa ulimwengu. Alitumia michoro ya kawaida ya mistari na vioo viwili vya kujitazamia. Akathibitisha kuwa umbali tunaouona hutokana na macho mawili kuona vitu viwili visivyolingana kabisa. Ukilipa kila jicho picha ileile moja, hupati kitu. Ukiwa na picha moja peke yake, hupati kitu.

Nusu ya Lamu ilikuwa kwenye fremu chumbani, nyuma ya kioo, imebanwa. Kadi hizi zilitengenezwa zikiwa zimepinda kidogo kwa makusudi, na wengi huona kupinda huko kama kasoro wakaziweka chini ya kitabu kizito zinyooke. Hii ilikuwa imenyooshwa hivyo, na uso wa picha umepasuka mistari midogo kama tope lililokauka. Tena ili iingie kwenye fremu ya duka walikuwa wamepunguza kingo zote nne, maandishi yaliyokuwa chini yakaenda na vipande.

Kijana alipiga simu Malindi. Mabinamu hawakukataa, ila walikuwa na shaka: kwao, walisema, ile si Kudusi hasa, kwani kuba lake ni jeusi, na kila mtu alijuaye Kuba la Mwamba la Kudusi anajua ni la dhahabu. Niliwatumia ujumbe wa sauti kuwaeleza kuwa hadi miaka ya 1960 kuba lile lilivikwa madini ya risasi, yenye rangi ya kijivu iliyokolea; dhahabu mnayoiona leo ni ya miaka ya 1990. Picha ya mwanzo wa karne lazima iwe na kuba la giza. Wiki iliyofuata nusu ya Malindi ikaja kwa basi ndani ya msahafu mkubwa uliofungwa kwa kitambaa, ikavuka kwa boti kutoka Mokowe, na dereva akaikabidhi mkononi.

Kuziunganisha kulinichukua jioni tatu. Sikutumia gundi. Nilikata kadi ngumu kwa kipimo cha zile nzima, nikatengeneza pembe za karatasi za kuingizia kila nusu, ili mtu akitaka kuzitoa miaka hamsini ijayo azitoe bila jeraha. Kimo lazima kilingane: nusu moja ikipanda milimita moja tu juu ya mwenzake macho huchoka. Kwa upana, nilipima nukta za mbali kwenye kadi za Niagara na ya chai, nikafuata kipimo hicho.

Jioni ya kwanza niliweka nusu ya Lamu kushoto, kwa sababu mkubwa ndiye aliyechagua kwanza na nilidhani aliyechagua kwanza huchukua ya kwanza. Nikatazama. Picha ziliungana, na nilichokiona kilinitisha kidogo. Mbele ya kamera kuna mtu mwenye kilemba amesimama kwenye ngazi, na nyuma yake matao, na nyuma kabisa kuba. Sasa kuba lilikuwa limekuja mbele, na yule mtu amekuwa tundu lenye umbo la mtu, amechimbwa ndani ya ngazi. Kila kilichokuwa karibu kilikwenda mbali. Niligundua mara moja kuwa nimezipisha, na ningeweza kuzibadilisha tu nikaona matokeo, lakini nilitaka niwe na hakika, na kijana ajue sababu.

Nikamwambia anyooshe kidole mbele ya pua, atazame na ukuta ulio nyuma. "Fumba la kushoto. Kidole kimekwenda wapi?" Kimekwenda kushoto. "Fumba la kulia." Kimekwenda kulia. Basi picha ya jicho la kulia ni ile ambayo kitu cha karibu kimesogea kushoto. Tukaziweka nusu mbili chini ya taa na kutafuta ukingo wa kilemba. Kwenye nusu ya Lamu kilemba kilifunika kabisa nguzo moja nyembamba ya tao la nyuma. Kwenye nusu ya Malindi nguzo ileile ilikuwa wazi, imechungulia upande wa kushoto wa kilemba, kwa upana wa uzi. Kwa hiyo katika nusu ya Lamu kilemba kimesogea kushoto zaidi. Lamu ni kulia, Malindi ni kushoto. Kijana aliutazama ule uzi muda mrefu. "Hiki ndicho walichokigombania?" akauliza. "Hiki ndicho walichokikata," nikamjibu.

Mtu wa Shela alirudi, akasikia kuwa chombo kinafanya kazi, akapandisha bei maradufu. Mashini ya boti ilikuwa bado haijatengenezwa, na sitaki kuandika kana kwamba kukataa pesa ni jambo jepesi kwa kijana aliyelala njaa ya kazi miezi miwili. Wala kuuza si dhambi. Lakini hakikuwa chake peke yake, na safari hii alijua. Kikao kilikaa kiwandani, Malindi wakiwa kwenye simu. Wakakubaliana zamu: mato na kopo vitakaa kwa shangazi kama mwenye fungu lake, Ramadhani Lamu, baada ya Idi hadi kusi kuisha Malindi. Mabinamu walichanga sehemu ya pesa za mashini bila kuombwa, na hilo sikulitarajia. Kadi ziko kwenye bahasha za karatasi moja moja, ndani ya sanduku la mbao, ukuta wa ndani, mbali na chetezo. Nailoni nimewakataza, kwa joto letu hutoa jasho.

Kuna jambo ningelisema mapema na sikulisema. Jicho la kushoto la shangazi lina mtoto wa jicho, weupe wake niliuona siku ya kwanza nilipoketi mbele yake. Kwa jicho moja hakuna stereoskopu. Nilijua, na nilishindwa kumwambia, nikijidanganya kuwa labda mwanga utatosha. Jioni ya kwanza ya Ramadhani alitawadha, akashika mpini, akatazama muda mrefu. Akaishusha taratibu magotini. "Ni picha tu," akasema. Ndipo nikamweleza. Amekwisha kuonana na daktari wa macho, upasuaji umepangwa baada ya Idi, na amesema hatatazama tena mpaka hapo.

Lakini hakuondoka. Alimwita kitukuu wake wa kike, miaka sita, akamketisha mbele yake. Akaichukua taa mwenyewe, akajivuta nyuma ya bega la kushoto la mtoto, mkono ukitetemeka kisha ukatulia.

"Usikaze mato. Ngoja. Itakuya yenyewe."

Mtoto alisogeza ubao mbele, akaurudisha nyuma. Akaacha kupumua.

"Yule mtu bado yuko ngazini?" shangazi akauliza.

"Yuko."

"Na kuba liko nyuma yake?"

"Nyuma."

"Nyuma kiasi gani?"

Mtoto alifikiri, uso bado ndani ya kikinga. "Kutoka hapa hadi daka la nje," akasema.